Chuma Alichokitoa Mzee Kibona

Msisugue pleti za mifupa kwa stilwaya. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonitia aibu wiki yangu ya kwanza kazini, na kwa sababu najua wengi wenu mnaoingia leo kwenye vyumba vya kusafishia vifaa vya upasuaji mmelelewa kama nilivyolelewa mimi. Kwetu Mbozi msichana alipimwa kwa sufuria. Mgeni akipita njiani akaona vyombo vimeanikwa kichanjani vinameta, alijua nyumba ile ina mtu. Tulisugua kwa majivu, tukasugua kwa mchanga, mpaka sufuria inakuwa nyembamba kuliko ilivyotoka dukani. Basi siku nilipopewa trei ya vyuma vya kuungia mifupa, vyote vimefifia, nikasema moyoni kwamba hospitali hii haina wanawake. Nikatafuta stilwaya, nikasugua asubuhi nzima. Nilipomaliza, mwanaume angeweza kunyoa ndevu mbele ya pleti zile.

Mkuu wa chumba chetu alikuwa Mzee Sichone, Mnamwanga mrefu mwenye tabia ya kunyamaza kwanza. Akaja, akachukua pleti moja, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Binti," akasema, "umeikwangua ngozi."

Nikacheka. Chuma na ngozi wapi na wapi? Yeye hakucheka. Akanikalisha kwenye stuli, akanieleza kwamba chuma cha aina ile kina utando wake mwembamba usioonekana kwa macho, na huo ndio unaokizuia kisipate kutu ndani ya mwili wa mtu. Ukikikwangua, umeuchubua ule utando, na tena umeacha humo vipande vya stilwaya ambavyo vyenyewe vinaota kutu haraka. Akazitenga pleti zangu zote zilizong'aa, akaenda kumweleza daktari, zikaondolewa kazini. Jina langu hakulitaja. Mchana alinigawia nusu ya mahindi yake ya kuchemsha, tukala.

Nimeishi na kazi hii tangu nikiwa binti mpaka nimestaafu juzijuzi hapo Tunduma, na sikumbuki hata siku moja mgonjwa aliyekuja kunishukuru. Silalamiki. Mgonjwa anamshukuru daktari aliyemshona na nesi aliyemgeuza kitandani. Sisi tuko nyuma ya dirisha dogo. Vifaa vinaingia na damu upande mmoja, vinatoka vimefungwa kitambaa cha kijani upande wa pili. Mkipenda kusifiwa, tafuteni kazi nyingine mapema.

Mashine ya kwanza niliyoikuta ilikuwa kama sufuria kubwa la presha, tunalikalisha juu ya majiko ya mafuta ya taa. Ilikuwa inapuliza mvuke kwa hasira, na mtu mgeni akipita koridoni anaruka. Mzee Sichone aliigonga kifuniko kila asubuhi kabla ya kuiwasha, na mimi nilidhani ni ufundi, nikawa nagonga na mimi. Baada ya muda mrefu nilimuuliza kugonga kunasaidia nini. Akasema, "Naisalimia tu. Sasa wewe unaigonga kwa nini?" Siku hizi mashine zenu ni za umeme, zina kioo kinachowaambia kila hatua. Hata hivyo mkono ujue kazi. Kifurushi kikitoka na unyevu, hata utepe wake wa kupimia mvuke ukiwa umegeuka mistari myeusi kama inavyotakiwa, kirudishwe. Vijidudu vinapita kwenye unyevu, na kutu nayo inaupenda.

Damu ioshwe mapema, kwa maji ya baridi. Ukianza na ya moto unaipika, inagandia kwenye matundu ya skrubu na hutaitoa tena. Brashi iwe laini. Suuzo la mwisho lisiwe maji ya kisima kirefu, na anayebisha akaangalie birika lake la nyumbani lilivyoota ule ukoko mweupe ndani. Na klorini, jamani. Tulikuwa na mwenzetu mmoja, mtu mcheshi, alivilowesha vifaa kwenye klorini siku ya Ijumaa kisha akaenda harusini Vwawa. Harusi ilinoga. Aliporudi Jumatatu, vifaa vilikuwa vimejaa vitobo vidogovidogo. Tulimcheka mwaka mzima, ila daktari hakucheka, kwa maana kitobo kidogo ambacho unakipapasa kwa ukucha ndiko ufa unakoanzia, mtu akishaanza kuutembelea mguu wake.

Hapo sasa ndipo penye swali ambalo nyinyi wenyewe mtaulizwa, na mlijibu vizuri.

Seti ya mifupa inakwenda yote. Daktari anaweza kuhitaji pleti moja na skrubu chache, lakini hajui ni zipi mpaka aufungue mguu, hivyo trei nzima inapelekwa na trei nzima inarudi kuoshwa na kuingia tena kwenye mvuke. Skrubu za urefu wa kawaida zinaisha upesi, tunaweka nyingine. Zile ndefu mno na zile fupi mno hazichaguliwi. Zinaingia kwenye mvuke leo, zinaingia kesho, zinaingia mwaka ujao. Mzee Sichone aliziita wajumbe wa kudumu, kwa kuwa zilihudhuria kila kikao na hazikuwahi kusema neno.

Mimi wajumbe wale walininyima raha. Nilijua nyumbani kwamba kijiko kinachochemshwa kila siku kinachakaa. Nikamuuliza Daktari Mgala, daktari wetu wa mifupa, kijana wa watu aliyekuwa hana makuu. Je, mvuke wangu hauzili nguvu skrubu hizi? Isije ikawa naziharibu kwa kuzisafisha.

Daktari alichukua mjumbe mmoja, akaenda naye dirishani kama Mzee Sichone alivyokuwa akifanya.

"Mvuke peke yake si adui mkubwa, mama," akasema. "Kama maji ni safi na unakikausha, chuma hiki kinaweza kuingia humo mara nyingi na nguvu yake ikabaki karibu ile ile. Kinachokiua ni chumvi, klorini, damu iliyogandia, na mikwaruzo. Wewe ukiona doa, kitobo au mkwaruzo, kitoe. Usikihurumie."

"Na kile kilichokwisha kukaa mguuni mwa mtu?"

"Hicho ni kingine. Hicho kimefanya kazi." Akachukua kipande cha waya mezani, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena mpaka kikakatika. "Kila hatua mtu anayopiga, pleti inapinda kidogo sana, inarudi. Uchovu unaingia ndani na hauuoni. Mvuke hauutoi. Kikitoka kwa mtu, kazi yake imekwisha."

Nililishika neno lile. Niliwafundisha wengine waliokuja nyuma yangu, nikilisema hivyohivyo, na mkono ukikunja waya. Sikujua kwamba siku moja litasemwa mbele ya mtu aliyebeba chuma chake mkononi.

Alikuwapo msichana anaitwa Atupele Kibona, kwao Ikinga, huko Ileje. Msichana nasema kwa mazoea, alikuwa mama wa watoto wawili, mfanyabiashara mdogo wa maharage pale Isongole. Bodaboda ilimwangusha na gunia lake, gunia likatua juu ya paja la kushoto. Aliletwa kwetu kwa kuwa ndiko kulikokuwa na daktari wa mifupa. Mfupa ulikuwa umekatika katikati, na pleti pana za paja zilikuwa zimetuishia. Nyingine zilikuwa zinasubiriwa kutoka mbali. Basi akalazwa mguu umevutwa kwa uzito, macho darini, anasubiri. Nilimfahamu kwa sababu wodi ya wanawake iko jirani na dirisha letu, na kila nikipita alikuwa ananiuliza, "Mama, vimekuja?" Nami namjibu, bado mwanangu, viko njiani.

Jioni moja baba yake alimpigia simu kumjulia hali. Atupele akamwambia, "Baba, wanasubiri chuma." Hakusema zaidi ya hayo. Alinieleza mwenyewe baadaye, akirudiarudia, kwamba hayo ndiyo maneno yote aliyosema.

Siku chache zikapita. Asubuhi moja, nikiwa nakunja vitambaa, nikasikia mtu anabisha hodi kwenye dirisha letu. Watu hawabishi hodi pale, wanasukuma trei tu. Nikainua kichwa. Alikuwa mzee mwembamba, koti la baridi, kofia mkononi, na bakuli la bati lililofunikwa kitenge.

"Habari za kazi, mwanangu," akasema, kwa ile lafudhi ya Kindali inayoyavuta maneno taratibu.

"Nzuri, baba. Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye mwenye moto?"

"Moto upi, baba?"

"Moto wa kutengeneza vyuma vya watu. Nimeulizia getini, wamenielekeza hapa." Akafunua kitenge. Ndani ya bakuli ilikuwamo pleti pana ya paja na skrubu zake, zimepangwa vizuri kwa urefu, kama mtu apangavyo vijiko. "Mimi ni Kibona, baba yake Atupele. Nimeleta chuma. Mkiweke kwenye moto, kisha mmwekee mtoto."

Nilidhani ni chuma cha zamani alichokuwa amekihifadhi kabatini. Wengi wanavihifadhi. Nikamuuliza kwa upole alikitoa wapi. Akanieleza kwamba miaka mingi iliyopita alianguka kutoka kwenye paa la ghala lake, akavunja paja, akaungwa hapahapa petu na daktari aliyekuwapo kabla ya Mgala. Akapona, akalima. Chuma akabaki nacho.

"Paja ni la kushoto vilevile," akasema. "Na huyu ni damu yangu. Chuma kilichomzoea baba kitamkataaje mtoto?"

"Kilitolewa lini, baba?"

"Hiki? Juzi tu hapa. Nilivuka kwa wenzetu Malawi, kuna hospitali. Nikawaambia kinanisumbua wakati wa baridi." Akatabasamu kidogo. "Si uongo sana. Kilikuwa kinasumbua kidogo."

Hapo ndipo nilipochungulia nje ya dirisha nikamwona alivyosimama. Uzito wote alikuwa ameuweka kwenye mguu wa kulia. Suruali upande wa kushoto ilikuwa imetuna kwa bandeji, na kwenye bandeji palikuwa na vumbi jekundu la njia yote ya kutoka Ileje, kwa pikipiki na kwa lori. Gongo alilopewa huko alikuwa amelisahau kwenye lori. Nilizunguka mlangoni, nikamkalisha kwenye stuli ileile niliyokalishwa mimi na Mzee Sichone, nikatuma watu wamwite daktari.

Wakati tunamsubiri, mzee alinieleza hesabu yake yote, na nataka muielewe, maana haikuwa ya kijinga. Baba yake mdogo alikuwa mhunzi. Yeye Kibona utotoni ndiye aliyekuwa akivuta mivukuto ya kupulizia moto. Alikuwa ameona kwa macho yake jembe lililoliwa na ardhi likabaki kama ulimi, linaingizwa motoni, linakuwa jekundu, linapigwa, linatoka na makali kama lilivyozaliwa. Chuma kwao hakizeeki maadamu kuna mhunzi. Sasa aliposikia kwamba hospitali kuna chumba chenye mashine, na kwamba vyuma vyote vinapita humo kabla ya kuingia kwa mtu, yeye alielewa kwamba mhunzi wa hospitali ndiye mimi.

"Jembe likichoka tunalirudisha motoni," akasema. "Na hiki kimechoka kidogo, najua, nimekitembelea sana. Kipe moto wako."

Kila siku nilikuwa najibu swali lile kwa maneno mepesi. Siku ile yalikataa kutoka. Nilimwangalia mzee wa watu, jasho linamtoka na asubuhi ya baridi, nikaona nikisema ukweli nitakuwa namwambia kwamba amejipasua bure. Hapo daktari akaingia.

Daktari Mgala alimwamkia, akaangalia bakuli, akaangalia mguu, akaelewa bila kuambiwa. Alichuchumaa pale chini ili uso wake uwe sawa na wa mzee.

"Baba, nani alikwambia ukitoe?"

"Hakuna. Ni mimi."

"Moto wa mhunzi unakilainisha chuma mpaka kinapigwa upya. Mashine ya mama huyu haifiki popote karibu na moto ule. Yenyewe inaua vijidudu. Chuma kikiingia kimechoka, kinatoka kimechoka vilevile, ila kimekuwa safi."

Mzee alifikiri. "Basi nikipeleke Ikinga? Mhunzi yupo mpaka leo, mtoto wa baba mdogo."

"Hata yeye hawezi, baba. Chuma hiki si cha aina ile, akikipiga atakiharibu zaidi. Kikikatikia ndani ya paja la Atupele tutampasua tena, na hali itakuwa mbaya kuliko sasa."

"Kwa hiyo hakifai."

"Kwake hakifai."

"Na kingebaki kwangu?"

Daktari hakutaka kujibu, nilimwona. Lakini alikuwa mtu mkweli. "Kingebaki kwako kisingekuwa na neno, baba. Mfupa wako ulishaunga zamani. Kilikuwa kimepumzika."

Mzee Kibona alikifunika chuma chake kwa kitenge, taratibu, pembe kwa pembe. Akasema, "Haya," basi. Niligeukia ukutani nikajifanya napanga vitambaa, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka na sikutaka ayaone.

Daktari akamweleza kwamba mfupa ukiondolewa skrubu unabaki na matundu, na kwa majuma kadhaa unavunjika kwa jambo dogo. Asiukanyage kabisa. Atalazwa, bandeji ibadilishwe, kidonda kiangaliwe. Akaenda kutafuta kiti cha magurudumu. Kilikuwa kimempeleka mtu kwenye picha ya eksirei. Mimi nikaitwa upande wa pili kupokea trei, na niliporudi stuli ilikuwa tupu.

Alikuwa anakwenda kumwona mtoto. Wodi ni pale tu, hatua chache na mteremko mdogo wa saruji uliojengwa kwa ajili ya vitanda vyenye magurudumu. Nilimwona kwa nyuma, kofia kichwani sasa, bakuli kifuani.

"Baba, subiri kiti," nikamwita.

Akageuka kunijibu. "Nimetoka stendi kwa miguu, mwanangu, nitashindwa hapa?"

Ni kule kugeuka. Mguu ulibaki pale ulipo na mwili ukazunguka, na nilisikia mfupa kabla sijamwona akianguka. Skrubu zilimwagika kwenye mteremko, zikaviringika mpaka mlangoni mwa wodi. Na ndani ya wodi Atupele, ambaye hawezi kunyanyuka, alisikia sauti ya baba yake bila kujua hata kwamba amekuja.

Vijana, mtasikia watu wakisema mzee alikosa elimu. Nimelisikia likisemwa palepale koridoni, na mtu aliyesema nilimjibu vibaya. Mzee yule alijua chuma kuliko wengi wetu. Alijua kinachoka, jambo ambalo mimi niliambiwa na daktari nikiwa mtu mzima. Alichokosea ni kudhani kwamba kila chumba chenye joto ni cha kurudisha nguvu. Na sisi tulioko ndani ya chumba hicho hatukuwahi kutoka nje kuwaambia watu tunachofanya humo. Tangu siku ile nilikuwa nikimaliza kazi napita wodi ya mifupa, nakaa na ndugu wa wagonjwa, naeleza. Endeleeni na hilo. Haliko kwenye maelezo ya kazi yenu na hakuna atakayewauliza.

Pleti mpya zilifika juma lililofuata. Seti niliiosha mwenyewe, nikaikausha mwenyewe, sikumwachia mtu. Atupele alifanyiwa upasuaji, ukaenda vizuri. Zilibaki pleti za kutosha, na moja pana ilitengwa kwa paja la Mzee Kibona lililokatika pale mteremkoni. Ila kidonda chake cha Malawi kilikuwa kimeingia uchafu wa njiani, kikatunga usaha, na daktari hawezi kuweka chuma penye usaha. Ikabidi wasubiri kidonda kisafike kwanza. Kila nilipoandaa trei niliiona pleti ile mahali pake, nzuri, haina doa, na mwenyewe yuko mita chache kutoka hapo mguu umevutwa kwa uzito kama alivyokuwa mtoto wake. Nilitamani kidonda kile niingize kwenye mashine yangu, kitoke safi. Najua ni mawazo ya ovyo. Ndivyo nilivyokuwa nawaza.

Nilikuwa nakwenda kumsalimia. Alikuwa na utani wake. Aliniita mhunzi. "Mhunzi, leo umefua nini?" Nikimwambia mikasi, anasema mikasi ni kazi ya wanafunzi. Bakuli lake aliliweka chini ya kitanda. Atupele alipoanza kusimama kwa magongo, walimleta wodi ya wanaume wamwone, na mzee alimwambia atembee kutoka mlangoni mpaka dirishani na kurudi. Akamwangalia mguu, si uso. Alipomaliza, mzee akasema, "Kinashika," akalala. Nadhani ile ndiyo siku aliyofurahi mara ya mwisho.

Kifua ndicho kilichomchukua. Mtu mzima akilala chali muda mrefu, kifua kinajaa. Alfajiri moja nikiingia kazini nikakuta kitanda kimefunuliwa shuka.

Asubuhi ileile hodi ilibishwa tena kwenye dirisha langu. Atupele, magongo kwapani, kanga ya kichwa imefungwa vibaya, na bakuli la bati alikuwa amelining'iniza kifuani kwa kitenge kilekile, kama mtu anavyobeba mtoto.

"Mama," akasema, "nimeongea na wazee nyumbani. Wanasema baba asizikwe amepungua. Chuma kilichokaa naye mwilini miaka yote hiyo kiende naye. Lakini kina damu bado kwenye matundu. Sitaki kiende na damu. Nakuomba unichemshie."

Yale yale ambayo baba yake aliniomba.

Nikalipokea bakuli. Nilianza na maji ya baridi, kama nilivyowaambia. Damu ilikuwa imegandia siku nyingi, nikaifuata tundu kwa tundu kwa brashi laini, skrubu kwa skrubu. Zote zilikuwapo, mtu wa usafi alikuwa ameziokota mteremkoni siku ile bila kuacha hata moja. Nikasuuza kwa maji yasiyo na chumvi. Nikakausha. Nikapanga kwa urefu, kama alivyokuwa amepanga mwenyewe. Nikafunga kitambaa cha kijani, kisha kingine juu yake, nikabandika utepe, nikakiingiza kwenye mashine peke yake.

Daktari Mgala akapita. "Kuna upasuaji?"

"Hakuna, daktari."

Aliangalia mashine, akamwangalia Atupele aliyekuwa ameketi kwenye stuli yetu. Alivuta ndoo, akaigeuza, akaketi juu yake na koti lake jeupe, tukasubiri watu watatu mpaka mvuke ulipotoka. Sikuharakisha. Niliacha kifurushi kikauke muda wake wote, na nilipokishika kilikuwa kikavu, na utepe umegeuka mistari myeusi.

Atupele alikipokea kwa mikono miwili.

"Sasa kina nguvu, mama?"

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Ni safi tu."

"Inatosha."

Akakifunga kifuani kwa kitenge, akashika magongo yake. Nilibaki dirishani namsikiliza akienda. Gongo, kisha mguu wenye chuma kipya. Gongo, kisha mguu. Alipofika kwenye ule mteremko alisimama kidogo, kisha akaushuka bila kugeuka.